Intaneti ya Shule na Maktaba: Nani Alipe, na Nani Anufaike?





Leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisikia likitajwa mbele ya jamaa ya msikitini, nalo ni namna serikali inavyoweza kuzisaidia shule na maktaba kupata intaneti kwa bei nafuu. Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba intaneti ni anasa, na kwamba shule isiyo na madawati haina haja nayo. Wako na wengine wasemao kuwa huo ni mlango wa maovu, na heri ubakie umefungwa. Kauli zote mbili zinastahili kujibiwa, wala hatutazijibu kwa maneno matupu. Tumeuchagua mfano wa nchi moja, yaani Marekani. Si kwamba kila lifanyikalo huko ni jema, maana wizi uliotokea nao tutausimulia. Sababu ni kwamba mpango wao huu umepita umri wa robo karne, hesabu zake zimeandikwa, na waliouibia wamefikishwa mahakamani. Jambo lililokwisha kupimwa kwa muda mrefu namna hiyo latufaa kuliko ahadi mia za mikutano ya hadhara.

Kwanza yatupasa kufahamu asili yake. Mwaka 1934 Wamarekani walitunga Sheria ya Mawasiliano na kuunda Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano. Katika sheria ile mlikuwamo fikra moja iliyozaa mengi baadaye, kwamba huduma ya simu iwafikie watu wote wa nchi kwa gharama ya wastani. Tazameni maana yake. Mkulima anayeishi mbali na mji, ukimpelekea waya wa simu, gharama ya nguzo na nyaya itazidi sana ada atakayoilipa maishani mwake. Mfanyabiashara akiachwa afuate faida peke yake hatampelekea. Lakini simu ina tabia isiyokuwamo katika mkate au kiatu: kila mtu mmoja anapoipata, waliokwisha kuwa nayo nao hunufaika, kwani sasa wanaweza kumpigia. Basi ikaonekana ni haki wale walio mjini, ambao huduma kwao ni rahisi, wachangie kidogo ili wa mbali naye afikiwe. Hicho ndicho kiini cha jambo lote tutakalolieleza.

Ilipofika miaka ya 1990 intaneti ikaanza kuenea. Mwaka 1994 takwimu za serikali yao zilionyesha kwamba asilimia 35 ya shule za umma zilikuwa na intaneti ya namna fulani, lakini katika vyumba vya kusomea ni asilimia 3 tu vilivyounganishwa. Yaani katika shule nyingi ilikuwa ni kompyuta moja ofisini kwa mwalimu mkuu, nasi twajua kompyuta ya ofisini hutumiwa na nani. Machi 1996, katika jimbo la California, maelfu ya watu wa kujitolea walikwenda mashuleni siku moja kuvuta nyaya kwa mikono yao, hata Rais Bill Clinton na Makamu wake Al Gore walishiriki. Sisi tungeiita harambee. Ilikuwa ni kazi njema, na wala hatuidharau. Lakini harambee huvuta waya siku moja, ilhali ada ya intaneti huja kila mwezi. Mtu wa kujitolea hawezi kurudi kila mwisho wa mwezi kulipa ankara. Shule nyingi za kwetu zimeonja jambo hili: mfadhili huleta kompyuta, watu hupiga picha, na baada ya miezi michache kompyuta hufunikwa kitambaa kwa sababu hapana wa kulipia umeme wala mtandao.

Basi mwezi Februari 1996 Rais Clinton alitia saini sheria mpya ya mawasiliano, na alitia saini hiyo ndani ya Maktaba ya Kongresi mjini Washington. Katika sheria ile maseneta wanne walikuwa wameingiza kifungu kinachohusu shule na maktaba, nao ni Olympia Snowe wa Maine, Jay Rockefeller wa West Virginia, na James Exon na Bob Kerrey, wote wawili wa Nebraska. Snowe alikuwa wa chama cha Republican, na watatu waliobaki wa Democratic. Angalieni pia majimbo yao: ni ya mashamba, ya milima, ya vijiji vilivyotawanyika. Aliyeijua shida ya umbali ndiye aliyeandika dawa yake. Mwaka 1997 Tume ya Mawasiliano ikaweka kanuni, na mwaka 1998 fedha zikaanza kutoka. Mpango ukaitwa E-Rate, na kiwango chake cha juu kikawekwa dola bilioni 2.25 kwa mwaka.

Ndugu wapenzi, hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa sababu uzuri wa mpango huu, na hata udhaifu wake, umo katika namna ulivyopangwa.

Fedha zenyewe hazitoki moja kwa moja katika hazina ya serikali. Makampuni ya mawasiliano hutakiwa kuchangia sehemu ya mapato yao ya simu za baina ya majimbo na za nje ya nchi, na michango hiyo huingia katika mfuko unaosimamiwa na shirika lisilo la faida liitwalo USAC, chini ya uangalizi wa Tume. Kutoka katika mfuko huo shule hailetewi fedha mkononi. Hupewa punguzo katika ankara yake. Shule hutangaza hadharani mahitaji yake, hungoja siku zisizopungua 28 ili makampuni yashindane, kisha huchagua, na katika kuchagua bei ndiyo hupewa uzito mkubwa zaidi. Baada ya hapo hulipa sehemu yake, na mfuko hulipa iliyobaki.

Sehemu hiyo hupimwa vipi? Hapa Wamarekani walitumia kipimo ambacho sisi tumekipenda. Katika nchi yao watoto wa familia maskini hupata chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei ndogo, na kila shule hujua idadi yao. Basi wakasema: idadi ya watoto wanaostahili chakula hicho ndiyo itakayotuonyesha umaskini wa shule. Katika kanuni za mwanzo, shule yenye watoto wa namna hiyo wasiofikia hata mmoja katika mia, ikiwa mjini, ilipata punguzo la asilimia 20. Yenye watoto hao 75 au zaidi katika mia ilipata asilimia 90. Na katika ngazi nyingi za katikati shule ya shamba ilipata zaidi kidogo kuliko ya mjini. Kwa hiyo ankara ikiwa dola 1,000, shule ya matajiri hulipa 800, na shule ya mafukara hulipa 100.

Mtu atauliza, kwa nini ile iliyo maskini kabisa isisamehewe yote? Jawabu ni kuwa mwenye kulipa hata kumi katika mia atauliza bei. Asiyelipa kitu hatauliza, na muuzaji akishajua kuwa mnunuzi haulizi, atapandisha atakavyo. Tutaona baadaye kwamba hata hiyo kumi haikuwazuia wezi, lakini sababu yake ilikuwa ya haki.

Aidha, sheria haikuzitenga shule za dini. Shule ya msingi au ya sekondari isiyoendeshwa kwa faida, na ambayo akiba yake ya wakfu haizidi dola milioni 50, inaruhusiwa kuomba, iwe ni ya serikali, ya Wakatoliki, ya Mayahudi au ya Waislamu. Kipimo ni umaskini wa watoto. Tumelitaja hili kwa sababu miongoni mwetu kuna mazoea ya kudhani kwamba kila mpango wa serikali umefungwa kwetu, na mara nyingi dhana hiyo hutuzuia hata kuisoma fomu.

Na sasa tuje kwenye maktaba, ambazo watu wengi huzisahau wanapozungumzia mpango huu. Punguzo la maktaba hufuata hali ya watoto wa shule za wilaya ile ilipo, maana maktaba yenyewe haiwaulizi wasomaji wake kipato chao. Hilo ndilo linaloifanya maktaba kuwa mahali pa namna ya pekee. Mtoto huacha kwenda shule akishakua, lakini mlango wa maktaba humngoja hata akiwa mzee. Tangu waajiri na ofisi za serikali walipohamishia fomu zao katika mtandao, mtu asiye na kompyuta nyumbani huko Marekani mara nyingi hana mahali pengine pa bure pa kuomba kazi, kujaza maombi ya matibabu, au kuandika barua kwa ofisi ya uhamiaji. Miongoni mwa watu hao wamo wakimbizi wa kutoka Kongo wazungumzao Kiswahili kama sisi, ambao tangu miaka ya 2010 wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokewa katika nchi hiyo. Mama aliyefika juzi kutoka kambini, hana intaneti nyumbani na Kiingereza hakijui vyema, hukaa mbele ya kompyuta ya maktaba na mkutubi humsaidia, wala haulizwi senti. Aidha, Januari 2022 Tume ilibidi ibadili maelezo ya neno "maktaba" katika kanuni zake ili maktaba za makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani zitambulike bila shaka kuwa zinastahili. Yaani kwa miaka zaidi ya 20 watu waliokuwa na haja kubwa walikuwa wakizuiliwa na maneno ya kanuni. Neno moja katika karatasi laweza kuwa kufuli kubwa kuliko la chuma.

Je, mpango ulifaulu? Kwa upande wa nyaya, hapana shaka yoyote. Vile vyumba vya madarasa vilivyokuwa asilimia 3 mwaka 1994 vilifikia asilimia 77 mwaka 2000, na asilimia 94 mwaka 2005. Si kazi ya E-Rate peke yake, kwani majimbo na wafadhili nao walitoa, lakini shule za maskini zisingefika huko kwa fedha zao.

Ama kwa upande wa elimu yenyewe, hapa yatupasa kusema kweli hata kama haipendezi. Wanauchumi wawili, Austan Goolsbee na Jonathan Guryan, walizichunguza shule za California na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2006. Waliona kwamba ruzuku iliongeza sana idadi ya madarasa yenye intaneti, lakini hawakuona kuwa iliongeza alama za wanafunzi katika mitihani. Wapinzani wa mpango waliufurahia uchunguzi huo. Sisi hatuoni kwamba unawaunga mkono sana. Bomba la maji halimfundishi mtu kupika. Lakini wale wanaotuambia kuwa kompyuta zikifika shuleni watoto watafaulu wenyewe, hao nao wajibiwe kwa uchunguzi huo huo. Mwalimu asiyefundishwa namna ya kuitumia intaneti katika somo la hesabu au jiografia ataiacha iwe mchezo wa wanafunzi wakati wa mapumziko, na fedha za umma zitakuwa zimelipia mchezo.

Sasa tuingie katika habari za wizi, na tumesema hatutazificha. Penye mfuko wa mabilioni, wako wanaoukodolea macho. Kisiwa cha Puerto Rico kilipewa zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya shule zake. Baadaye ilipokaguliwa, ikakutwa kwamba shule zilizounganishwa ni chache mno, na vifaa vya mamilioni ya dola vimelazwa ghalani. Mwaka 2004 Kongresi iliyasikiliza mambo hayo hadharani. Mwaka huo huo kampuni moja tanzu ya NEC ilikiri makosa mahakamani, kwamba ilishiriki kupanga zabuni na kudanganya katika miradi ya E-Rate, ikakubali kulipa dola milioni 20.6. Mbinu zilizotumika katika kesi za namna hii ni za kuaibisha kwa wepesi wake: muuzaji huisaidia shule kuandika zabuni ili yeye mwenyewe ashinde, huwaambia wakubwa wa shule kwamba ile sehemu yao ya kumi katika mia hawana haja ya kuilipa, ataifidia ndani ya bei, kisha huuza mitambo mikubwa isiyohitajika, kama mtu anayeuziwa lori la kubebea kapu la mboga.

Ndugu zetu, msidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Tofauti ni kwamba kule ankara ziliwekwa wazi, mkaguzi akafika mpaka ghalani akafungua mlango, na kesi ikafika mbele ya hakimu. Mali ya watoto ni amana. Anayeiba tofali la msikiti tunamjua wote na tunamkemea. Anayeiba megabiti za shule tunamwona ni mjanja.

Na wale wasemao kuwa intaneti ni mlango wa maovu, jawabu lao limo ndani ya mpango huu huu. Mwishoni mwa mwaka 2000 Kongresi ilipitisha sheria ya kuwalinda watoto katika intaneti, kwamba shule au maktaba inayopata punguzo la intaneti ni lazima iweke vichujio vya kuzuia picha chafu, na shule iangalie wanachokifanya watoto. Chama cha wakutubi wa Marekani kikaipinga mahakamani kwa hoja kwamba vichujio huzuia mabaya na mazuri pamoja, na kwamba mtu mzima ana haki ya kusoma atakacho. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliiacha sheria isimame, ikizingatia kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi amwondolee kichujio.

Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ya busara, lakini hoja ya wakutubi nayo haikuwa ya upuuzi. Kichujio ni mashine, hakina akili. Chaweza kumzuia msichana anayetafuta maelezo ya saratani ya matiti kwa sababu ya neno moja tu, huku kikiruhusu uchafu uliovaa jina la adabu. Kwa hiyo kichujio ni lazima kiwepo, na mtu mwenye macho awepo karibu nacho. Na hebu tulinganishe kwa insafu: watoto wetu wengi leo wanaifikia intaneti kwa simu ya kuazima, usiku, chini ya shuka, pasipo kichujio wala mwalimu. Anayeifunga intaneti ya shule kwa kuogopa maovu hajaufunga mlango wa maovu. Ameufunga ule uliokuwa na bawabu.

Turudi katika historia. Miaka ilivyokwenda, mahitaji yalibadilika. Waya uliotosha kusoma barua haukutosha kuonyesha somo la video kwa darasa zima. Mwaka 2013 ni kama asilimia 30 tu ya wilaya za shule zilizokuwa na kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2014 Tume ikaupanga upya mpango, ikaacha polepole kulipia simu za mezani, ikaelekeza fedha katika mikongo na intaneti isiyo na waya ndani ya madarasa, na ikaongeza kiwango cha juu kufikia dola bilioni 3.9 kwa mwaka. Kufikia 2019 wilaya zilizofikia kasi ile zilikuwa asilimia 99. Jambo moja lililosaidia ni kwamba bei zilizolipwa ziliwekwa wazi kwa wote, basi shule ikaweza kuona kuwa jirani yake anauziwa huduma ile ile kwa nusu ya bei, ikamrudia muuzaji na kumwuliza sababu. Sisi twaona hili ni somo kubwa kuliko hata ile nyongeza ya mabilioni, na wala halina gharama.

Lakini mtoto halali shuleni. Kengele ya jioni ikilia hurudi nyumbani, na huko hakuna mkongo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, jambo hili likaonekana wazi mbele ya macho ya ulimwengu. Mwezi Agosti mwaka huo ilisambaa picha ya wasichana wawili wadogo wa Salinas, California, wameketi chini kando ya mgahawa, kompyuta zao mapajani, wakitumia intanenti ya mgahawa ili wahudhurie masomo. Salinas ni mji wa mashamba ya mboga, na uko mwendo wa kama saa moja ya gari kutoka katika makao makuu ya makampuni makubwa kabisa ya kompyuta duniani.

Mwaka 2021 Kongresi ikatoa zaidi ya dola bilioni 7 ili shule na maktaba ziwaazime watoto na wasomaji kompyuta na vifaa vidogo vya kurushia intaneti nyumbani, na fedha hizo zilikoma mwaka 2024. Mpango mwingine, uliozipa familia za kipato cha chini dola 30 kwa mwezi kulipia intaneti, ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni 23. Nao ulikwisha Juni 2024 kwa kuwa Kongresi haikuongeza fedha. Tume ilijaribu kuliziba pengo kwa E-Rate yenyewe: mwaka 2023 iliruhusu intaneti ndani ya mabasi ya shule, na mwaka 2024 iliruhusu maktaba na shule kuazimisha vile vifaa vidogo. Septemba 2025, Tume ikiwa chini ya uongozi mwingine, ruhusa hizo mbili zikaondolewa kwa hoja kwamba sheria ya 1996 inazungumzia madarasa na maktaba, wala haizungumzii basi na nyumba. Kwa hiyo mtoto anayesafiri saa moja na nusu kwenda shule ya mbali, aliyekuwa akiandika kazi zake njiani, aliondolewa huduma hiyo katika mpango. Hoja ya kisheria tunaielewa. Tunachosema ni kwamba wale maseneta wa vijijini mwaka 1996 hawakuwa na basi lenye intaneti la kulitaja.

Liko na suala la mzigo, nalo ni zito kuliko linavyosemwa. Tulieleza kwamba makampuni huchangia kutoka katika mapato yao ya simu. Kwa kweli makampuni huuhamishia mchango huo kwa wateja, na mteja huuona katika ankara yake ya mwezi. Mwaka 2000 kiwango chake kilikuwa chini ya asilimia 6 ya mapato hayo. Mwaka 2025 kilizidi asilimia 36. Sababu ni kwamba watu wameacha simu za masafa kwa mtindo wa zamani, wamehamia katika intaneti, na mapato ya intaneti hayamo katika hesabu ya mchango. Kapu limebaki lile lile, na wa kulibeba wamepungua. Bibi kizee anayetumia simu ya mezani aweza kuwa anachangia kwa uwiano zaidi kuliko tajiri anayefanya kila kitu kwa intaneti. Hii si haki, hata kama matumizi ya fedha ni mema. Kundi moja lilikwenda mahakamani likidai kwamba mfuko wenyewe ni kodi iliyotozwa bila idhini ya kweli ya Kongresi, na mwaka 2024 mahakama moja ya rufaa ikakubaliana nalo. Shule na maktaba zikakaa mwaka mzima katika hofu. Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikaamua kwamba mfuko ni halali. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Elena Kagan ikauokoa, lakini ile hesabu ya kapu na wabebaji haikutatuliwa na mahakama, maana hiyo ni kazi ya watunga sheria.

Na sisi je? Fikra hii imekwisha kufika kwetu. Tanzania ilitunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006. Kenya iliingiza mfuko wa namna hiyo katika sheria yake ya mawasiliano mwaka 2009, na makampuni yenye leseni hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Mwaka huo huo wa 2009 mikongo ya baharini ilifika Mombasa na Dar es Salaam. Mifuko hii imejenga minara vijijini, na imefikisha kompyuta na intaneti katika baadhi ya shule za umma. Kenya peke yake iliunganisha mamia ya shule za sekondari. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba fedha za jambo hili hazipo. Kila mmoja wetu anayenunua muda wa maongezi au bando huilipa kampuni, na kampuni huuchangia mfuko. Ni fedha yetu iliyokwisha kutoka mfukoni.

Basi twaziomba kamati za shule, na wale miongoni mwetu waliomo ndani yake, waanze na mambo machache. Waulize katika ofisi ya elimu ya wilaya kama shule yao imo katika orodha ya mfuko, na kama haimo, waulize kigezo kilichotumika. Kompyuta zikiletwa, waulize ankara ya mwezi italipwa na nani katika mwaka wa pili na wa tatu, na jawabu liandikwe. Waulize bei, kisha waende shule ya jirani waulize bei ya huko. Waulize kama kuna kichujio, na ni mwalimu yupi anayekaa na watoto chumbani. Na kwa maktaba za mikoa na wilaya, ambazo vijana wetu huenda kujisomea wakati wa mitihani kwa sababu nyumbani hakuna nafasi wala taa, waulize kwa nini mfuko uzione shule na usizione maktaba zilizo barabara ya pili.

Mwenye shule yenye kompyuta zilizofunikwa kitambaa, atuletee habari zake baada ya sala: zilifika mwaka gani, ni ngapi, na kilichokatika kwanza ni umeme au ni ada ya mtandao. Tutaziandika zote katika daftari moja na kuzipeleka wilayani pamoja, badala ya kila mmoja kwenda peke yake.